Wino wa Kijani Juu ya Kioo

Katika jumba hilo siku zote ilikuwa Jumatano. Usiniulize kwa nini, maana hata waliokuwamo hawakuuliza. Asubuhi waliingia Jumatano, jioni wakatoka Jumatano, na kalenda ya kwenye korido ilikuwa na karatasi moja tu, imegeuka manjano, pembe moja imeliwa na mende. Muda ulihesabiwa kwa chai. Likizo ilikuwa chai thelathini. Msiba ulikuwa chai tatu, na kama marehemu ni mzazi, nne. Kazi yao wote ilikuwa kutunza majina ya watu walio hai. Masjala ya Walio Hai, ndivyo ilivyoandikwa mlangoni. Ambaye jina lake lilikuwa ndani ya majalada yao alikuwa hai, na ambaye halikuwemo, basi tena.

Mkuu wa jumba aliitwa Mashauri Kitwana, mtu wa makamo, mrefu, mwenye suti mbili na kalamu moja. Kalamu yenyewe ilikuwa ya wino wa kijani. Wengine wote waliandika kwa buluu. Kijani kilikuwa chake peke yake, na karatasi iliyopitiwa na kijani haikuulizwa tena swali. Akiandika "Naafiki", ukuta ulijengwa. Akiandika "Tuzungumze", mtu alikosa hamu ya kula. Sasa, mtu huyo mwenye kijani chote hicho hakujua kuwasha kompyuta.

Haya, cheka. Mimi nilishacheka zamani, na kicheko kikaniishia njiani, utaona mwenyewe ni wapi.

Mambo yalikwenda hivi. Barua ziliingia ndani ya kompyuta. Bi Siwema, katibu muhtasi wake, alizifungua, akazichapa kwenye karatasi, akazitia ndani ya jalada na kumpelekea pamoja na chai. Mashauri alisoma, akaandika jibu pembeni kwa kijani. Bi Siwema alilirudisha jalada mezani kwake, akaingia kwa jina la Mashauri, kwa nywila ya Mashauri, akalipiga jibu kwa vidole vyake kumi na kulituma. Huko lilikokwenda, mkuu mwingine alichapiwa na katibu wake, naye akaandika pembeni kwa kalamu yake. Basi wakuu wawili waliandikiana kwa wino miaka nenda miaka rudi, na katikati yao wanawake wawili walibonyeza vitufe mpaka ncha za vidole zikawa ngumu. Na wakuu hao kila walipokutana walipongezana kwa jinsi walivyokuwa wepesi kujibu.

Jambo hilo lilianza Jumatano ile ya kwanza, kompyuta zilipoletwa zikiwa bado na nailoni zake. Waliketishwa wote pamoja, wakuu na makarani, wakaambiwa bonyeza hapa. Mashauri akabonyeza. Za wenzake zikawaka, yake ikazima. Nyuma yake mtu akaguna, mwingine akacheka puani, halafu chumba kizima kikaangua kicheko, kicheko cha watu waliokuwa wakimwogopa na sasa wamepata mwanya. Masikio yalimwaka moto. Alisimama, akasema ameitwa na wakubwa, akatoka, na hakuna aliyekuwa amemwita. Mtu mmoja tu hakucheka. Siwema, wakati huo mpiga chapa kijana wa kiti cha jirani, alinyoosha mkono kimyakimya, akaiwasha tena kompyuta ya bosi, akaandika maneno mawili matatu ili ionekane kwamba aliyeondoka alishamaliza zoezi. Toka hapo walikuwa na siri moja, na hawakuitaja hata siku moja.

Kisha amri ikashuka kutoka juu. Majalada yaondolewe, jumba lichague Mtambo wa kuyashika majina yote. Mitambo miwili ilishindanishwa, na kikao kikaitwa kwenye chumba kirefu chenye wajumbe kumi na mmoja. Aliyeeleza alikuwa Nyamizi, afisa tehama wa jumba, mwanamke mdogo kwa umri, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutosikilizwa.

"Mwenyekiti," alisema, "mtambo wa kwanza ni wa kawaida, lakini unavumilia. Huu wa pili una kasi, ila una hatari moja. Haumtambui mtu kwa sura wala kwa barua ya ajira. Unamtambua kwa kazi aliyoifanya humo ndani kwa jina lake mwenyewe. Anayefanya kazi kwa jina la mwenzake, huu utasema hayupo. Na hapa kwetu, mzee, ikishaandikwa kwamba mtu hayupo..."

Akainua macho. Wajumbe wote walimgeukia Mashauri.

Uliza, Mashauri alijiambia. Uliza sasa hivi. Na kama mtu ana katibu? Maneno matano tu, kinywa unacho. Lakini wakisikia watajua. Watatazamana. Mmoja ataguna, mwingine atacheka puani. Miaka yote hii umewakalia juu, halafu wacheke? Wewe? Nyamaza. Atakuwa amelielewa mtu mwingine. Kuna watu kumi na mmoja humu, hawawezi kuwa wajinga wote.

"Nimekuelewa," alisema Mashauri. "Tuliangalie kwa mapana yake. Hebu nipeni hayo makabrasha."

Akapewa mawili. Alilipima la kwanza kwa mkono wa kushoto, la pili kwa mkono wa kulia. La kwanza lilikuwa na jalada la karatasi. La pili lilifungwa kwa ngozi nyeusi, nzito, na uzi wa dhahabu kwenye ukingo. Nyamizi alikuwa ameambatisha maelezo ya kurasa kumi na moja, na Mashauri akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho, *naomba kuwasilisha*. Akafungua kalamu.

"Hili linaendana na dira yetu," alisema, akaandika "Naafiki" juu ya lile la ngozi. Wajumbe walipiga makofi, maana hata wao hawakuwa wameelewa, na kila mmoja alishukuru kimoyomoyo kwamba hakuulizwa.

Ni kitu gani hasa kinachoamua, mtu anapoamua? Mashauri alijiuliza hilo baadaye, na mimi najiuliza naye, kwa hasira. Watu hudhani kwenye kiti cha juu kuna ujuzi uliokaa, na kwamba kiti kilipanda juu kwa sababu ya ujuzi huo. Ndani ya kiti mna mtu tu, na ndani ya mtu mna woga mmoja mdogo wa zamani, na woga huo ndio unaoshika kalamu. Kwa ajili ya kicheko kimoja cha Jumatano ya kale, jumba zima likahama kutoka kwenye karatasi na kuingia mahali ambapo mwenye kuamua hakuwahi kukanyaga. Angejifunza kwa chai kumi. Angesema "sijui" kwa pumzi moja. Lakini aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa kuua, na wala hakujua kwamba hivyo viwili vilikuwa vimewekwa kwenye mizani moja mbele yake. Loo, binadamu!

Mtambo ukafungwa humo jumbani, ukaanza kazi. Jambo la kwanza ulilofanya ni kutoa cheti. Ulipekua kazi zote zilizowahi kufanywa, ukamtangaza Mashauri Kitwana kuwa mtumishi mwenye ujuzi wa kompyuta kupita wote jumbani. Walikitia fremu, wakakitundika ukutani nyuma ya kiti chake. Jambo la pili ni orodha ya wasiokuwepo, iliyojitokeza kwenye vioo vya kompyuta zote kwa pamoja. Orodha ilikuwa na jina moja, Siwema Hamduni. Chini yake iliandikwa kwamba pingamizi, kama lipo, litaandikwa na mkuu wake wa kazi, ndani ya Mtambo, kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba karatasi hazipokelewi. Mwisho ulikuwa chai ya saba.

Siwema aliingia na chai ya kwanza akicheka.

"Mzee, umeona mambo? Mlinzi wa getini leo kanipita hivihivi, hata salamu. Nikamwambia, we baba, mimi si ndiye ninayekupa fomu za likizo? Kimya! Nimefika ndani, wakaja watu wawili kuchukua kiti changu, na mimi nimekikalia! Wamekinyanyua, nimebaki nimechuchumaa."

"Kosa la mtambo hilo," alisema Mashauri. "Litarekebishwa."

"Na nani?"

Mashauri akafunika kalamu yake. Siwema akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe cha kompyuta ya bosi. Kitufe hakikuzama. Akabonyeza kwa nguvu, kwa kidole gumba, kwa kiganja. Kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Vitufe haviniitikii," alisema. "Mzee, itabidi uandike wewe. Ni wewe tu unayenisikia sasa, nadhani kwa sababu ni wewe tu unayejua mikono ilikuwa ya nani."

Basi mafunzo yakaanza, mwalimu amesimama, mwanafunzi ameketi chini ya cheti chake.

"Nywila yako unaijua?"

"Nywila yangu? Si wewe ndiye unayeijua?"

"*Asichekwe*. Herufi ndogo zote, pamoja."

Mashauri alilirudia neno hilo chinichini.

"Uliiweka lini?"

"Siku ile ile," alisema Siwema, akageukia dirishani.

Mashauri aliona aibu, na chini ya aibu aliona upendo ambao hakuwahi kuupa jina, na akatamani kulia. Maisha yake yote ya ukubwa yalikuwa yamefunguliwa kila asubuhi kwa neno hilo, na mtu mwingine ndiye aliyekuwa akiliandika. Akaanza kuzitafuta herufi kwa kidole kimoja. Nani kazipanga hivi? A iko huku, S jirani yake, sawa, halafu I imetupwa kule juu peke yake! Alikosea, akaanza upya. Alikosea tena. Chai ya pili ikaja na kupoa, ya tatu vilevile, na ilipofika ya nne ndipo mlango wa Mtambo ulipofunguka, naye akashangilia peke yake hadi sauti ikasikika kwenye korido.

"Haya, sasa tazama," alisema Siwema. "Barua ikiingia inalia ti, na kibahasha kinatokea pale pembeni. Lazima ujue kukifungua, maana jibu la pingamizi litakuja kwa njia hiyo. Unabonyeza mara mbili, harakaharaka."

Mashauri akabonyeza. Akavuta pumzi. Akabonyeza.

"Siyo moja halafu moja, mzee. Mbili."

"Ndiyo nimefanya mbili!"

"Umefanya moja mara mbili. Kidole chako kinangoja ruhusa." Akajaribu kucheka. "Tuliache hilo. Andika kwanza pingamizi."

Akaandika *Bi Siwema y*, akaitafuta U, na wakati anaitafuta kioo kikawa cheusi. Kilikuwa na maneno meupe katikati, *Hakuna mtu hapa*. Mtambo haukuwa na subira na watu wa kidole kimoja. Asiyegusa kitufe kwa pumzi kadhaa uliona hayupo, ukafunga mlango. Arudie nywila. Akarudia. Akafika *Bi Siw*. Kioo cheusi. Hakuna mtu hapa. Akafika *Bi*. Hakuna mtu hapa.

Hivi mimi nipo? Mashauri alijiuliza. Nimeketi, nyonga zinaniuma kwa kuketi, jasho linanitoka. Nina cheti. Aliyeandika barua zote zile alikuwa Mashauri, wanasema, na Mashauri ni stadi. Huyo Mashauri yuko wapi aje anisaidie? Yule pale, amesimama, amevaa gauni la maua, anasinyaa. Mashauri ni yeye. Mimi ni kalamu tu.

Ilipoletwa chai ya tano, sinia lilitetemeka. Siwema aliliweka mezani, akashika ukingo wa meza, na Mashauri akaona mbao kupitia vidole vyake.

"Jana mwanangu Mwanakheri kapakua ugali wa watu watatu," alisema. "Tuko wanne nyumbani, mzee. Nimesimama mlangoni namwangalia. Kawaita wenzake, wamenawa, wamekula, kafunika sufuria. Hakuna aliyesema mama yuko wapi." Akauachia ukingo wa meza. "Naogopa. Sijawahi kukuomba kitu, sasa nakuomba. Nenda kwa Nyamizi. Mwambie tu. Yeye atakaa na wewe hapa, ataandika unavyomwambia, utabonyeza wewe mwenyewe la mwisho. Ni dakika mbili."

"Nitakwenda," alisema Mashauri.

Na alikwenda, nisimnyime haki yake. Alipokwisha kunywa chai ya sita alisimama, akavaa koti, akashika korido. Alikuwa na maneno tayari mdomoni, Nyamizi mwanangu, mimi sijui kompyuta, aliyekuwa akiandika ni Bi Siwema. Aliyarudia hatua kwa hatua. Mlango wa tehama ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na Nyamizi na makarani wawili, na wakati Mashauri anafika kizingitini, wale makarani walikuwa wanacheka. Jambo lao tu, mambo ya harusi ya mtu. Lakini mmoja alicheka puani.

"Shikamoo, mzee," alisema Nyamizi, akisimama.

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu. Kuna shida?"

Mashauri alitazama makarani, akatazama waya zilizolala sakafuni, akatazama mikono yake.

"Nakagua tu," alisema.

"Sawa, mzee. Hongera kwa cheti."

Aliporudi ofisini alimkuta Siwema amesimama karibu na dirisha, mwanga unampita.

"Umemwambia?"

"Hakuwepo."

Sasa sikiliza. Siwema alikuwa amemfuata nyuma korido nzima, alisimama naye mlangoni pale, akasikia kila neno, kisha akatangulia kurudi. Hakuna aliyemwona, na yeye mwenyewe Mashauri kwa ile hofu yake hakumwona. Hapa ndipo kicheko changu kilipoishia.

"Sawa, mzee," alisema. Akaenda kuleta chai ya saba.

Mashauri akajitupa kwenye vitufe. *Asichekwe*. Alipata mara ya kwanza, bila kukosea hata herufi moja, na matumaini yakampanda. *Bi Siwema yu*. Kidole kikateleza. Akarudi nyuma kufuta, akafuta kupita kiasi, akasimama kufikiria. Kioo cheusi. Hakuna mtu hapa. Nje alisikia kijiko kikigongana na kikombe, kinakaribia. Mkono wake, wenyewe, bila kumuuliza, ukaingia mfukoni kwenye koti na kutoa kalamu. Maisha yake yote, jambo lililopitiwa na kijani lilitimia. Akainama juu ya kioo, akaandika juu ya kioo chenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wa shule za zamani:

*Bi Siwema yupo. Kazi zote zenye jina langu ni za mikono yake. Mimi sijui kompyuta, na niliyoyaamua niliyaamua bila kujua. Asiondolewe. Naafiki. M. Kitwana.*

Yalikuwa maneno ya kweli kuliko yote aliyowahi kuandika kwa kalamu ile. Lakini kioo hakinywi wino. Herufi zilisimama kidogo, zikakusanya vitone, zikaanza kuteremka. Nyuma yake yale maneno meupe hayakusogea.

Mlango ulifunguka. Sinia likaingia likiwa limeshikwa na kitu ambacho hakikuwa tena mikono, likawekwa mezani taratibu, bila kumwaga. Sukari vijiko viwili, kama siku zote. Mashauri akageuka.

"Bi Siwema, nimeandika! Njoo usome!"

Hapakuwa na mtu. Kikombe kilitoa mvuke.

Alikaa hapo mpaka mvuke ukaisha. Ndipo Nyamizi alipoingia, katika ile zamu yake ya kupitia kompyuta za wakubwa, na kitambaa chenye maji mkononi. Alisimama mbele ya kioo. Wino ulikuwa umechuruzika hadi chini, herufi zimeingiliana, kimebaki kijani tu na mahali fulani kitu kama *yupo*.

"He! Mzee, nani kachafua kioo hivi?"

Lilikuwa swali jepesi, na aliyeuliza alikuwa mtu mwema. Mashauri akafungua kinywa.

"Bi Siwema..."

"Nani, mzee?"

Aliuliza kwa heshima, kichwa ameinamisha kidogo, kama anayeulizwa habari za mji ambao hajawahi kuusikia. Mashauri alimtazama. Juu ya kichwa cha Mashauri cheti kilikuwa kimenyooka.

"Sijui," alisema. "Sijui nani kachafua."

Nyamizi akafuta. Mara moja kutoka juu kwenda chini, mara moja kupita katikati, halafu pembe zote nne. Akakikunja kitambaa kwa ndani ili kijani kisimshike nguoni. Akagusa vitufe viwili, na kioo kikawaka, safi.

*Ti.*

Pembeni kikatokea kibahasha kidogo.

"Una barua, mzee," alisema Nyamizi. "Nikufungulie?"

Inaweza kuwa ni ilani yake mwenyewe, kwamba jina la Mashauri Kitwana limenyamaza ghafla na kwamba naye ana chai saba. Inaweza kuwa ni yeye Siwema, kutoka huko walikompeleka, amepata mahali vitufe vinapozama. Hakuna ajuaye, maana barua huwa haisemi mpaka ifunguliwe.

"Aa, niache tu, mwanangu," alisema Mashauri. "Nakagua."

Nyamizi alitoka, akarudisha mlango. Mashauri alivuta kiti karibu. Alikiweka kidole palepale alipofundishwa, akakumbuka sauti iliyomwambia si moja halafu moja. Akabonyeza. Akavuta pumzi. Akabonyeza.